Bunduki ya Kwenye Gemu Yenu

Njeri wangu, maitu,

Umetoka sasa hivi kumuaga shangazi yako kule Ruiru na Brayo kule Mwiki, na nyumba imenyamaza kama siku ya kura. Begi lako liko hapo karibu na mlango, limefungwa, na nimejizuia kulifungua nione umeweka nini. Kesho ndege itakupeleka Cape Town kwenye kazi ya kutengeneza gemu, nami nitarudi hapa Thika peke yangu. Kwa hivyo nimetoa vyombo mezani nikachukua kalamu.

Habari za sweta, za kula vizuri na za kutafuta kanisa unazijua. Umezisikia tangu ukiwa nasari, na nikizirudia hapa utaruka hiyo sehemu. Nataka kukuandikia juu ya ile bunduki ya kwenye gemu yenu. Najua ulikuwepo. Lakini kuna mambo yalitokea ukiwa hauko, na kuna mengine ulikuwepo lakini ukaniona kwa nje tu.

Nimekuita maitu tangu uzaliwe kwa sababu unabeba jina la mama yangu, na mtu hamgombezi mama yake ovyo. Mwaka huu nilikugombeza mara nyingi, na mara nyingi zaidi nilimgombeza rafiki yako. Wacha nianzie pale nilipoanza kuharibu.

Ulipomaliza diploma ukakosa kazi, wewe na Brayo mlijifungia kwenye chumba chake kule Mwiki na kompyuta ya kuunganishaunganisha. Sikuwa na shida na hilo. Nilimpenda Brayo tangu mlipokuwa pamoja koleji. Anakula chochote anachopewa na anaosha sahani. Siku mliponionyesha gemu yenu mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ugonjwa umeingia Thika, watu wamekufa wakaamka vibaya, na wachache waliobaki wamejificha ndani ya ghala moja kule Eneo la Viwanda. Mchezaji anatoka na bunduki moja na risasi chache, afike mtaa wa Kiandutu, arudi na dawa. Nilicheka kwa sababu ya mazombi. Walikuwa wanatoka kwa geti la kiwanda wakivuta miguu, mabega yameanguka, vile sisi tunatoka shifti.

"Huyu wa mbele ni nani?" nikakuuliza. "Anatembea kama supavaiza wetu."

Ukacheka, halafu ukawa serious, ukaniuliza swali ambalo hujawahi kuniuliza maisha yako yote. "Mum, mtu akiangalia kwa bunduki anaona nini?"

Ulijua niliwahi kuwa askari wa wanyama pori huko kaskazini kabla hujazaliwa, mpaka goti likaharibika nikarudi nyumbani. Ulijua tu kama vile mtu anajua mama yake aliwahi kuwa na nywele ndefu. Hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Niliporudi watu hapa walitaka hadithi za simba, na mimi simba sikuwa na habari naye sana. Nikaanza kazi kiwandani, kuchambua mananasi, na yale mengine nikayafunika.

Siku hiyo niliinuka nikachukua fimbo ya ufagio. Nilikuonyesha bunduki inavyokaa begani, na shavu linavyolala kwenye mbao. Nikakueleza kwamba karibu na jicho kuna tundu dogo, na kule mbele, kwenye ncha ya mtutu, kuna kijiti cha chuma kimesimama. Unatazama kupitia kwa tundu, unaweka kijiti katikati, na mbele zaidi ndiko aliko yule unayemlenga. Shida ni kwamba jicho haliwezi kuona vitu vyote vitatu vizuri. Jicho ni kama mama mwenye watoto watatu na mgongo mmoja. Ukimbeba mmoja, wengine wawili watatembea. Sisi tulifundishwa kubeba kile kijiti. Kijiti unakiona vizuri kabisa, tundu linakuwa kama moshi, na yule wa mbele anabaki ukungu.

"Ukungu?" ukasema. "Yaani ule unampiga ndio huoni vizuri?"

"Ndiyo."

Uliandika hayo mbio mbio. Kwenye gemu yenu wakati huo kulikuwa na doti nyekundu katikati ya kioo. Ukiiweka juu ya zombi, unabonyeza, anaanguka. Jioni iliyofuata doti haikuwepo. Uliniita nikaangalia, na pale kwenye kioo nikaona tundu langu na kijiti changu. Njeri, sitakudanganya, nilitaka kulia. Ile miaka yote kaskazini, ambayo ilikuwa imenilalia kama mzigo wa mtu mwingine, ghafla ilikuwa na kazi. Mtoto wangu alikuwa ameichukua akaiweka mahali.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Kitu kizuri kiliingia mkononi mwangu nikakishika vibaya.

Kila nikitoka kazini nilikuwa na kitu kipya cha kukuambia. Pumzi lazima iinue mtutu. Moyo lazima uutikise. Mtu akitoka mbio asiweze kulenga kabisa mpaka atulie. Jua likipiga chuma, kijiti kipotee. Ulikuwa unaweka, na mimi nikivua viatu mlangoni nauliza, "Umeweka?" Hata salamu nilisahau.

Nilikuwa na sababu. Kila siku nikipita pale karibu na steji nasikia vijana kwa nyumba ya pleisteshen wakipiga watu risasi na kucheka. Tap, ameanguka. Tap, mwingine. Niliwaza, hawa wanafikiri ni rahisi. Wacha basi wapate ile yenyewe. Wacha waone vile ni ngumu. Nilidhani nikiweka ugumu wa bunduki kwenye gemu yenu, nitakuwa nimeweka na uzito wake.

Brayo ndiye alikuwa wa kwanza kusema. Alikuja hapa nyumbani Jumamosi moja, ukamwekea chai, akacheza kidogo kwenye laptop, akairudisha polepole.

"Mama Njeri," akasema, "hii kitu imetengenezwa poa sana. Lakini haichezeki."

"Bunduki haifai kuchezeka," nikamjibu.

"Lakini hii ni gemu. Mtu akikufa mara tano bila kujua amekosea wapi, anafunga anaenda kwa ingine."

"Wewe umewahi kushika bunduki, Brayo?"

"Hapana."

"Basi utamfundisha nini aliyeishika?"

Unakumbuka alivyoweka kikombe chini. Alikuwa hajapiga chai hata funda la pili. Alisema ana kitu anaenda kununua, akaaga kwa heshima, na hakurudi. Ulisimama pale mlangoni ukiangalia ngazi.

"Mum, umemfukuza."

"Sijamfukuza. Nimemwambia ukweli."

Nilisema hivyo, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Sasa najua mtu anaweza kubeba ukweli kama rungu, na akiwa ameuinua juu hivyo hawezi kusikia mtu mwingine akiongea. Nilimwondoa mtu wa pekee aliyekuwa anakuambia lile ambalo mimi singeweza kuona. Na wewe, kwa kuniheshimu, uliendelea peke yako. Ningetamani ungenipigia kelele siku hiyo.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kujaribu. Mwenye nyumba ya gemu kule Mwiki alikubali muunganishe laptop kwa tivii yake kubwa baada ya kanisa, watu wacheze bure. Nilikuja na nguo zangu za ibada, nikapewa kiti cha plastiki nyuma. Brayo hakuwepo. Mwanzo watu walishangaa. Waliona barabara wanayoijua, wakaona geti la kiwanda, wakaanza kusukumana. "Hapo ni Thika! Angalia hapo!" Moyo wangu ulikuwa umejaa.

Kevo akaketi wa kwanza, yule fundi wa kuchomelea ambaye walisema hakuna mtu humo ndani anamweza. Zombi akatokea. Kevo akainua bunduki. Tundu likawa moshi, kijiti kikasimama, zombi akawa ukungu, na kila kitu kikaanza kupanda na kushuka na pumzi. Akapiga, akakosa. Akapiga, akakosa. Zombi akamfikia bila haraka yoyote.

Akaanza tena. Akafa tena.

"Hii bunduki imelewa!" akasema, na nyumba yote ikacheka. Mwingine akajaribu, akafa. Msichana mmoja akajaribu, akasema kichwa kinamzunguka. Baada ya muda mfupi Kevo akainuka akasema kwa upole, kwa sababu si mtu mbaya, "Dada, hii si gemu. Hii ni adhabu." Wakauliza kama wanaweza kurudisha mpira.

Mimi sikuwaamini. Niliona ni wavivu. Nikasimama na kitenge changu nikasema, "Lete hapa." Mlinipisha. Nikashika ile kitu ya vidole ya kuchezea, nikaketi mbele ya tivii kama nimerudi kaskazini, nikangoja zombi wangu. Wewe uliona vile iliisha. Nilikufa kabla sijajua ni kidole gani kinapiga. Nikaomba tena. Nikajua kidole, nikalenga vile nilifundishwa, nikatoa pumzi, nikapiga ukuta. Mtu nyuma akapaza sauti, "Woi, cucu ameliwa! Nyanya ya watu ameliwa!"

Walicheka na mimi nikacheka, kwa sababu ungefanya nini. Lakini ndani nilikuwa nimeshtuka. Nililenga maelfu ya mara maishani mwangu, na bunduki niliyoagiza mimi mwenyewe ilikuwa imenikataa.

Tulirudi Thika. Ulipofika ulifungua laptop, ukaikalia kidogo, ukaifunga.

"Nafuta yote," ukasema. "Kesho niulizie nafasi huko kwenu kiwandani."

Hukusema kwa hasira. Ungekuwa na hasira ningejua la kufanya. Ulisema kama mtu anayeomba chumvi. Na mimi, ambaye nimechambua mananasi miaka yote hii nikijiambia mikono yangu itauma ili yako isiume, nilijibu tu, "Tutaongea."

Sikulala vizuri, lakini usingizi ulipokataa akili ilifanya kazi. Nilijilaza nikijaribu kukumbuka bunduki ya kweli, si ile ya maneno niliyokuambia. Nikakumbuka uzito begani. Nikakumbuka kiwiko kikiwa kimezama kwenye mchanga, na shavu kwenye mbao yenye moto wa jua. Huko, jicho linapopoteza kitu, mwili unajua bado kiko wapi. Mkono unajua. Bega linajua. Kwa ile nyumba ya Mwiki nilikuwa na dole gumba tu. Nilikuwa nimewapa wale watu upofu wa bunduki bila kuwapa mwili wake. Tena lile jambo la jicho kuchagua: kwenye tivii hakuna karibu wala mbali, kuna kioo kimoja tu. Jicho lao halikuchagua kitu. Sisi ndio tulilichagulia, tukaufuta uso wa zombi na kuwaambia walenge. Kila kitu nilichokuambia kilikuwa kweli, na tulipovikusanya pamoja vikawa uongo.

Haya ndiyo Brayo alikuwa anajaribu kuniambia na chai yake ikipoa.

Sasa nifike pale hukuwepo. Jumatatu nilikuambia naenda kwa chama cha akina mama. Sikuenda chama. Nilienda Mwiki, nikapanda ile ngazi ya jengo la kina Brayo na goti langu, nikabisha. Alifungua akiwa na vesti, akaniona, akakimbia kuvaa shati. Akanipa kiti, yeye akaketi kwa kitanda.

"Brayo, nimekuja kuomba msamaha."

"Ah, Mama Njeri. Hakuna noma."

"Noma iko. Usinirahisishie."

Akacheka, na nilipomwona anacheka nikajua mlango haujafungwa. Nikamweleza yote: Kevo, ile bunduki ya kulewa, mimi kuliwa mbele ya watu. Alicheka sana sehemu ya cucu. Halafu nikamwambia unataka kufuta. Hapo akaacha kucheka.

"Si kwamba ulikuwa umekosea," akasema. "Mtu akicheza, mkono wake unafaa kumtii. Hiyo ni kama ahadi. Mkono ukikataa, hataogopa zombi, atakasirikia gemu. Na mimi nataka aogope."

"Sasa tufanye nini?"

Alifikiria, akijikuna kidevu. Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu, "Mama Njeri, tuachane na bunduki kidogo. Uliwahi kulenga mtu?"

Hujawahi kusikia hii, na ndiyo sababu kubwa nimekaa kuandika. Nilimwambia Brayo kabla yako, na ningependa usiudhike. Kuna mambo ni rahisi kumwambia mtoto wa mtu mwingine.

Ilikuwa kiangazi. Siku iliyotangulia majangili walikuwa wamempiga risasi mwenzetu, na tulikuwa tumemsafirisha hatujui kama atafika. Asubuhi tuligawanywa, mimi nikawekwa nyuma ya jiwe mahali palipokuwa na kisima, peke yangu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Mchana, jua likiwa juu, mtu akatokea upande wa pili. Begani alikuwa na kitu kirefu. Nikainua bunduki, nikaweka kijiti katikati. Yule mtu akawa ukungu mdogo kama ukucha, na kitu kirefu begani. Kila kitu mwilini mwangu kilisema ndiye. Kidole kilikuwa kimeshaanza kukaza.

Sijui kwa nini nilishusha. Nilishusha tu mtutu kidogo, nikatazama kwa macho yote mawili, na bado sikuwa na hakika, kwa hivyo nikapaza sauti. Alijitupa chini akaanza kulia. Kile kitu kirefu kilikuwa mti wa kubebea maji, umening'inizwa jerikeni mbele na nyuma. Kutoka pale nilipokuwa, jerikeni zilikuwa zimefichwa na majani.

Nilitoka nikamwendea. Alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, mchungaji. Hakujua Kiswahili, na mimi sikujua lugha yake. Tuliketi juu ya jiwe moja. Halafu akainama akachota maji akanipa mimi kwanza.

Nilimaliza kumwambia Brayo. Nje mtu anayechoma nyama alikuwa anaita wateja wa mutura. Brayo alikuwa ameangalia sakafu.

"Mama Njeri," akasema, "hiyo ndiyo gemu."

"Gani?"

"Kushusha. Ulipoinua ulilenga. Uliposhusha ndio uliona."

Jioni hiyo ndiyo aliyokuja hapa na ndizi kama mgeni, na wewe ukafikiri amejileta mwenyewe. Niliingia jikoni nikawaacha. Niliwasikia mkianza kubishana, halafu mkibishana kwa furaha, na nikageuza chapati nikiomba Mungu msinyamaze.

Mliyoyafanya baadaye unayajua kuliko mimi. Bunduki mliiacha iwe rahisi. Kijiti kikatulia, uso wa zombi ukarudi, mkono wa mtu ukatii. Lakini mkaweka kwamba mtu akilenga, kando kote kunaingia giza na sauti zinafifia. Na mkaweka watu. Katikati ya mazombi wanaotoka getini, kuna watu walio hai, wazima kabisa, wamechoka tu, wanavuta miguu vile vile. Ukiwa umelenga huwezi kuwatofautisha. Lazima ushushe, uite, ungoje. Na ukiita na ukakosea, zombi amekusikia.

Uliponionyesha lile giza la kando nilifungua mdomo kusema kwamba kwenye bunduki ya kweli kando hakuingii giza hivyo. Nikaufunga. Halafu nikakumbuka lile jiwe na kile kisima, na hakika siku hiyo sikuona nyasi, sikuona ndege, sikusikia hata upepo. Mlikuwa mmekosea kuhusu bunduki na mkapatia kuhusu mimi.

Na sauti yangu mkairekodi. Mlinifunika blanketi kichwani, hapo hapo sebuleni, na simu mkononi, nikasema "Usipige, niko hai!" mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna shida. Jaribu kufikiria nilivyomweleza.

Mara ya pili kule Mwiki niliketi kiti kile kile cha nyuma, na Brayo alikuwa kando yako. Kevo akaja akiwa na mdomo. "Imeacha pombe?" akauliza. Akainua, akalenga, akapiga. Zombi akaanguka. Akatabasamu. Wa pili, akaanguka. Sasa alikuwa anaelea, dole gumba linacheza. Wa tatu akaanguka, na ndoo ikabingirika kutoka mkononi mwake, maji yakamwagika barabarani.

Hakuna aliyecheka. Kevo akabaki ameangalia ile ndoo.

"Ngai," akasema. "Huyo alikuwa mtu."

Akaweka chini ile kitu ya vidole, akapangusa viganja kwenye suruali. Nilidhani ataondoka. Nilikuona ukimwangalia, na nilijua ulikuwa unawaza akitoka, wewe unakuja kuchambua mananasi na mimi.

"Naomba nirudie," akasema.

Akarudia. Alipofika pale, bunduki ikainuka, na nyumba yote ikaanza, wanaume wazima, wasichana, mwenye nyumba mwenyewe: "Shusha! Shusha! Ita kwanza!" Akashusha, akaita. Kukanyamaza. Halafu sauti yangu ikatoka kwa ile tivii kubwa, sauti ya mwanamke aliyechoka: niko hai, usipige. Ile kelele iliyopigwa, Njeri, bao la dakika ya mwisho halijawahi kupata. Kevo alikuwa amesimama, mikono juu, kana kwamba yeye ndiye ameokolewa.

Nilitoka nje kidogo. Uliniuliza baadaye kama niliudhika. Nilikuwa nalia, ndiyo hiyo tu. Miaka yote nilifikiri siku ile ya kisima haina mtu wa kumwambia, na sasa walikuwa wanaipigia kelele humo ndani, watu ambao hawajui hata jina la kile kisima.

Wale wa kampuni ya gemu ya Cape Town walipoiona gemu yenu mtandaoni wakaandika, wakataka mtu mmoja, na mtu huyo ukawa wewe. Ulikuja ukaniambia hutaenda, kwa sababu ya Brayo. Nilikuwa na maneno mengi kweli kweli. Nilikuwa nimeshayapanga. Nikakumbuka chai iliyopoa, nikakuambia umuulize Brayo. Ile saa uliyokuwa Mwiki nilifua mpaka vitambaa visivyo na uchafu. Ukarudi na macho mekundu ukicheka, ukasema amekuambia, "Enda bana. Nani mwingine ataniletea siri zao?" Naye anaendelea na gemu yenu hapa, na jina lako likiwemo.

Mahali unapoenda kutakuwa na watu wanaojua kila kitu. Baadhi watakuwa wameshika bunduki kweli, au wameishi kweli yale unayojaribu kutengeneza, na watakuja kwako wamejaa kama mimi nilivyojaa. Wasikilize mpaka mwisho. Usiwatii mpaka mwisho. Na siku itafika wewe ndiye utakuwa unajua, na mtoto fulani mwenye vesti atakuambia kitu chako hakichezeki. Utaumia sana. Mwongezee chai.

Ukikosea, kosea kwa sauti, watu wasikie wakusaidie. Mimi nilikosea kimya kimya kwa miaka mingi juu ya mambo mengine ambayo hayamo humu, na hakuna aliyeweza kunishika mkono kwa sababu hakuna aliyejua ninaanguka. Ndiyo maana nakupenda zaidi ukiwa unabishana nami kuliko ukiwa unanyamaza. Nipigie simu ubishane.

Kuhusu mimi, usinihurumie. Brayo ameniomba niwe naenda Mwiki Jumamosi. Anataka kuongeza usiku kwenye gemu, mtu atembee gizani bila taa, na anasema hakuna anayemjua aliyewahi kulinda kitu gizani isipokuwa mimi. Nimeshamwambia supavaiza anitoe shifti ya Jumamosi. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kutengeneza mazombi. Akauliza kama kuna nafasi.

Sasa nasikia kelele huko chini. Ni sauti yako, na ya Brayo, na shangazi yako analalamikia ngazi zetu, na kama sikosei huyo anayecheka kwa nguvu ni Kevo. Ulisema unaenda kuwaaga, kumbe umewaleta wote. Wali niliopika ni wa watu wawili. Wacha nifiche hii barua kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, halafu niwashe jiko upya.

Mama yako,
Wairimu